Yah: Namba yangu ya simu iliyosomwa kwa sauti kwenye kaunta yenu

Ndugu Meneja Mkuu,

Salamu. Naandika kwa heshima, na niseme mapema kwamba heshima hiyo nimeitafuta kwa siku nne. Barua ya kwanza niliichana. Ya pili nayo nikaichana. Hii ya tatu naituma hivi hivi ilivyo, maana nikisubiri hasira iishe nitazeeka.

Nilikuja dukani kwenu Jumanne jioni kununua betri mbili za saa ya ukutani. Betri mbili, Ndugu Meneja. Pesa nilikuwa nazo mkononi, taslimu, kamili, hazihitaji chenji. Keshia akazipitisha betri kwenye mashine, ikalia, na badala ya kunitajia bei akaniuliza, "Namba ya simu?"

Sera yenu ya faragha mnaijua, ninyi ndio mlioiandika, na kipande chake mmekibandika pale pale kaunta. Kinasema mteja hutoa taarifa zake kwa hiari. Basi nikaitumia hiyo hiari. Nikamwambia binti, sitatoa, asante, pokea pesa niende zangu. Akaniangalia kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mara nyingi na hana la kujibu. "Mfumo hauendi bila namba," akasema. Nikamwambia aweke sufuri tupu. Mfumo hautaki sufuri. Nikamwambia aweke namba ya duka. Hapo ndipo alipomwita msimamizi.

Msimamizi alikuja akitafuna kitu. Nikamweleza. Akanijibu palepale aliposimama, bila kusogea, kwa sauti ya mtu anayeita abiria: "Kwani unaficha nini, mama? Wenzio wote wanatoa." Nyuma yangu kulikuwa na watu saba au wanane. Mmoja akacheka. Mwingine akasema, toa tu dada, tunachelewa. Nikatoa. Nikaitaja namba kwa sauti ya chini, nayo ikasomwa tarakimu baada ya tarakimu hadi aliyekuwa kwenye rafu za mwisho akaisikia. Kisha likatakiwa jina. Kisha tarehe ya kuzaliwa, eti kwa ajili ya zawadi. Nilitoka na betri zangu mbili na masikio yanawaka moto.

Saa tatu na dakika kumi usiku simu yangu ikaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua. "Mambo. Mimi ni yule kaka aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni. Na jina lako zuri pia."

Jina langu. Zuri pia.

Ninachotaka kwenu si kikubwa. Nataka barua ya kuniomba radhi, na nataka taarifa zangu zifutwe kwenye mfumo wenu. Nilidhani barua hii ingeishia hapa. Ingeishia hapa kweli kama Jumatano asubuhi nisingepiga simu kwenye kitengo chenu cha huduma kwa wateja.

Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, hilo nalikiri. Lakini kabla sijamaliza sentensi ya kwanza aliniomba namba ya simu, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ili "afungue faili la lalamiko". Nikacheka, nadhani kwa uchovu. Nikampa namba ya risiti. Akasema risiti haitoshi. Tukavutana, mwishowe akakubali kunisikiliza, na baada ya kunisikiliza akatoa kauli ambayo naomba muisome taratibu: "Lakini mama, namba haikutoka kwetu. Uliitaja mwenyewe."

Niliitaja mwenyewe. Sawa. Basi nirudi pale kaunta, kwa sababu huko juu nimeandika haraka haraka kana kwamba mlaumiwa ni keshia. Siye. Nilipokubali kutoa namba niliinama hadi kidevu kikakaribia kugusa ile mashine ya kadi, nikamnong'oneza. Binti akaandika kimya kimya kwa kidole kimoja, na naamini yangeishia kati yetu wawili. Aliyeisoma ni msimamizi. Aligeuza skrini ikamwelekea yeye, akaanza: sufuri, halafu inayofuata, halafu inayofuata, akituama kila baada ya tarakimu tatu kama mwalimu anayesoma imla. Alipofika mwisho akaniuliza, "Ndiyo hiyo?" Nikasema ndiyo. Akaisoma tena yote. "Tuhakikishe," akasema. Nikataja jina moja. Akasema mfumo unataka majina yote, na hayo nayo akayarudia kwa sauti. Nikataja mwaka wa kuzaliwa. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Ah! Hauonekani kabisa!" Foleni ikacheka.

Kuna jambo sijamwambia mtu mpaka sasa. Ile kaunta yenu ina kioo pembeni, pale mnapopanga miwani. Wakati namba inasomwa mara ya pili niliuona kwenye kile kioo mkono wa mtu aliyekuwa nyuma yangu. Ulikuwa umeshika simu, na kidole gumba kilikuwa kinatembea. Nikadhani anaandikiana na watu wa nyumbani kwake. Msimamizi alipomaliza kusoma, na kile kidole kikasimama.

Tangu usiku ule yule kaka wa foleni amepiga mara sita. Sipokei. Ameandika kwamba najidai. Ameandika kwamba anajua jioni huwa napita pale dukani, jambo ambalo si kweli, lakini sasa kila nikitaka kutoka jioni nafikiria mara mbili. Ile saa ya ukutani bado haijawekwa betri. Zimekaa mezani kwenye karatasi yake, sitaki hata kuzigusa.

Msiniambie ni bahati mbaya ya mara moja. Usiku usio na usingizi ni mrefu, na mimi nimeutumia kusoma. Mwaka 2023 ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa ilitangaza kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu, miongoni mwa wenye umri wa miaka 18 hadi 34, aliwahi kutongozwa asivyotaka baada ya kutoa taarifa zake kwenye biashara. Huko tatizo lilikuwa wafanyakazi wanaochukua namba za wateja kwenye orodha za kampuni. Ninyi mmeenda mbali zaidi: mmeitangazia foleni nzima.

Na mniambie mnaitakia nini. Mkisema ni dhamana ya bidhaa, betri hizo hamjazipa dhamana. Mkisema ni kwa ajili ya kurudisha mali yenye kasoro, risiti ina namba yake na inatosha. Mkisema ni zawadi ya siku ya kuzaliwa, sikuiomba. Mnachotaka ni kujua nani anarudi, lini, na ananunua nini, na namba ya simu ndiyo uzi wa kuyafunga hayo yote pamoja kwa sababu mtu habadilishi namba kama anavyobadilisha shati. Hii yangu ninayo miaka kumi na moja. Benki wananitumia msimbo wa kuthibitisha malipo kwenye namba hiyo hiyo. Nikisahau nenosiri la barua pepe, ufunguo wa kurudi ndani unakuja hapo. Shule wanaijua. Mama yangu mzazi ameikariri, na ndiyo namba pekee aliyoikariri. Hicho ndicho kitu ambacho msimamizi wenu alikisoma kama anataja namba ya mshindi wa bahati nasibu.

Sheria msijifanye hamzijui. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, sheria ya Kenya ya 2019, sheria ya Tanzania ya 2022, zote zina wazo lile lile: kusanya kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, basi. Kuuza betri mbili kwa pesa taslimu kunahitaji betri mbili na pesa taslimu. Kule California, Marekani, mwaka 2011 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba hata kumuuliza mteja anayelipa kwa kadi msimbo wa posta wa anakoishi ni kumdai taarifa binafsi ambazo sheria inakataza kudaiwa pale kaunta. Msimbo wa posta tu! Duka lilikuwa likiuunganisha na jina lililo kwenye kadi, kisha linapata anwani ya nyumbani.

Kijana wenu wa simu alinihakikishia kwamba taarifa zangu "ziko salama, haziendi popote". RadioShack, maduka ya vifaa vya elektroniki ya Marekani, nao waliwaahidi wateja wao kwamba hawatauza taarifa zao. Kampuni ilipofilisika mwaka 2015, orodha ya wateja iliwekwa mezani pamoja na mali nyingine za kuuzwa, na kama wanasheria wakuu wa majimbo wasingepiga kelele ingeuzwa nzima hivyo hivyo. Target, maduka makubwa ya huko huko Marekani, nao nadhani walikuwa na mtu wa kusema ziko salama. Mwishoni mwa 2013 wezi waliingia kwenye mifumo yao wakaondoka na taarifa za kadi zipatazo milioni 40, na majina, anwani, namba za simu na barua pepe za watu hadi milioni 70. Usichokusanya hakiibwi, Ndugu Meneja. Sijui hili lina ugumu gani.

Sasa turudi kwenye ninachotaka, maana nikisoma pale juu naona nilikuwa mpole kupita kiasi.

Barua ya kuniomba radhi bado naitaka, lakini iwe na sahihi yako wewe, si ya msimamizi wala ya kitengo. Kabla hamjafuta chochote nataka nakala ya kila mlichonacho kunihusu, na majina ya kampuni zote mlizozipa namba yangu, kuanzia hao wanaowatumia watu matangazo. Mkishanipa nakala, ndipo mfute, na mniandikie kuthibitisha kwamba mmefuta. Mfumo wenu uwekwe kitufe cha kuruka, ili binti wa watu asilazimike kumwita bosi kila anapokutana na mteja mwenye akili timamu. Siombi mtu afukuzwe kazi. Naomba tu yule msimamizi asishike tena skrini yenye taarifa za mtu mpaka afundishwe. Na gharama za kubadilisha namba, pamoja na safari za kwenda benki na kila mahali ilipoandikwa, ni zenu.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nawapa siku kumi na nne.

Nimekata. Simu imelia muda huu huu, nimeshtuka hadi kalamu ikaniponyoka, nikadhani ni yeye. Ni ninyi. "Mteja wetu mpendwa, tunakuthamini! Wiki hii pata punguzo." Jina langu mmelikosea herufi mbili. Chini mmeandika kwamba mtu asiyetaka kupokea ujumbe kama huu atume neno ACHA. Nimetuma ACHA. Jibu limerudi hapo hapo: "Samahani, neno ulilotuma halitambuliki."

Siku saba, basi. Zihesabiwe kuanzia siku barua hii itakapopokelewa, na nimeituma kwa njia ya kusainiwa, kwa hiyo siku hiyo nitaijua. Siku ya nane asubuhi lalamiko hili litakuwa mezani kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa binafsi, pamoja na risiti, ujumbe wote wa yule bwana na huu wenu wa punguzo. Polisi sitawasubiri siku saba. Kwao naenda kesho kwa ajili ya yule anayenipigia, na wakiniuliza namba yangu aliipata wapi, nitawatajia duka, kaunta na saa.

Kwa sababu hiyo mnatakiwa kutunza picha za kamera iliyo juu ya kaunta namba mbili, za Jumanne, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni. Ile kamera niliiona, taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Itamwonyesha msimamizi akigeuza skrini, na itamwonyesha mwenye kile kidole gumba. Nikiambiwa kwamba picha hizo zimejifuta zenyewe kwa bahati mbaya, nitalipeleka jibu hilo nalo kule kule.

Nijibuni kwa barua, kwa anwani niliyoiandika nyuma ya bahasha. Msinipigie simu.

Wasalaam,

Mteja wenu wa betri mbili.
(Majina yote matatu na tarehe ya kuzaliwa mnavyo.)