Malalamiko kuhusu seti yenu ya boti, hii ni seti ya gari mmebadilisha boksi tu

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Fomu yenu ya malalamiko nilishajaza na jibu nililopata ni nichomoe chaja nisubiri kidogo nichomeke tena, ndo maana naandika barua nzima maana naona ile fomu hakuna mtu anayeisoma.

Nina GPS yenu ya mkononi na nikaongeza ile seti mnayoiita ya boti, yaani mguu wa kushikilia na chaja ya volti 12. Kifaa chenyewe sina ugomvi nacho, kinashika satelaiti fasta hata nikiwa chini ya paa la faiba na skrini inasomeka juani. Ugomvi wangu ni hiyo seti, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanitumia tena link ya mwongozo wa matumizi, mwongozo ninao.

Mguu kwanza. Mmeweka ule mpira wa kunyonya kioo halafu kwenye boksi mkaandika unashika popote. Boti nyingi ndogo hazina kioo cha mbele kabisa, sehemu ya usukani ni mbao au faiba yenye vipele vipele, na mpira wa kunyonya unataka kitu laini kisafi kisicho na chumvi, sasa hapo unanyonya nini? Unakaa mpaka boti ipige wimbi la maana halafu unaokota GPS sakafuni, kama una bahati haijaenda majini. Ila kilichonikera zaidi ni sumaku mliyoficha kwenye kitako ili kifaa kinase kirahisi. Jamani, sumaku pembeni ya usukani! Pale ndipo dira inapokaa, ukisogeza mguu wenu karibu unaona kabisa sindano inahama, kwa hiyo siku GPS ikizima na mtu akategemea dira, dira nayo inamdanganya, na kwenye karatasi zenu zote hakuna hata mstari mmoja wa kutahadharisha.

Sasa umeme, hapa ndo kwenye kesi yenyewe. Chaja ni ya kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara, ile ncha yake ina springi inayoisukuma nje muda wote, kwenye gari haina shida ila kwenye boti injini inatetemesha kila kitu, inajichomoa kidogo kidogo na wewe huoni. Halafu hewa ya chumvi inaingia ndani ya soketi inakula vile vibati, umeme unakuja unakata. Na kifaa chenu kila umeme ukikata kinaleta ujumbe kwamba umeme wa nje haupo kinajizima, na kinaanza kuhesabu sekunde, usipobonyeza kitufe kinazima kweli, wakati betri ya ndani imejaa! Ukipiga stata volti za betri zinashuka ghafla, hiyo ni kawaida ya injini yoyote, kwa hiyo GPS inajizima dakika ileile unatoka bandarini, mkono mmoja usukani mwingine kamba. Umeme ukirudi wakati mwingine inaleta picha ya kompyuta ikidhani nataka kuhamisha mafaili, ramani hakuna. Nataka kuhamisha mafaili saa hizi, kweli?

Kuhusu maji ndo mmenichosha. Mnatangaza IPX7, maana yake kinavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30, sawa, lakini hiyo ni kile kifuniko cha mpira kikiwa kimefungwa, na ili uchaji lazima ukifungue. Yaani kifaa hakiingii maji ilimradi usikitumie na chaja mliyoniuzia ninyi wenyewe. Halafu mhudumu wenu ananiandikia kwamba waranti haihusu maji yaliyopitia tundu la chaja. Sasa hiyo seti ya boti mlidhani boti inapita wapi?

La mwisho ni kelele kwenye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya boti. Chaja ikiwa imechomekwa redio inanguruma, ukiichomoa kimya, ukiichomeka inarudi, mtu yeyote anaweza kujaribu. Chaneli 16 ni ya kuombea msaada, sio ya kuchezea, mtu akiita akiwa mbali sauti yake inamezwa na hiyo kelele.

Msije mkasema boti yangu ndo mbovu, kwa sababu nimeshatoa vitu vyenu vyote na kuvuta waya wangu mwenyewe toka kwenye betri, fyuzi nimeiweka karibu kabisa na upande wa chanya, nikatafuta kipunguza umeme cha kuleta volti 5 kilichofunikwa vizuri kisiingie maji, na waya wa umeme tu usio na data. Mguu ni wa kufunga kwa skrubu za chuma cha pua, mbali na dira. Ile picha ya kompyuta sijaiona tena na redio imetulia. Ila ule ujumbe wa kujizima nikipiga stata bado upo, kwa hiyo huo ni wa programu yenu.

Ninachotaka ni hivi, mnirudishie hela ya seti, ya kifaa sidai. Kwenye programu muweke sehemu ya kuchagua kifaa kiendelee na betri yake umeme wa nje ukikata, na kiulize kabla hakijaingia mambo ya kompyuta. Na kwenye boksi muandike wazi habari ya sumaku na kwamba ukichaji hiyo IPX7 haipo, msiiweke kwa maandishi ya sisimizi.

Chaja na mguu nimevirudisha kwenye boksi lake pamoja na risiti, niambieni tu nivitume anwani gani na nani analipia usafiri, kwa maana mimi silipi.

Mteja wenu