Kamati za fuo ziwajibike kwa wavuvi

Mhariri,

Kila Aprili, uvuvi wa omena unapofungwa hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, lawama za nyavu haramu humwangukia mvuvi peke yake, kana kwamba uroho wake ndio unaolimaliza Ziwa Victoria. Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye kamati. Kanuni za mwaka 2007 zilizipa kamati za usimamizi wa fuo, zile tuziitazo BMU, wajibu wa kusaidia kulinda samaki. Naye Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu huweza kutunza mali ya pamoja iwapo hushiriki kutunga sheria zake na wasimamizi wakawajibika kwao. Lakini mvuvi ataitii vipi kamati ambayo hajawahi kusomewa hesabu za ada yake, huku wavu wake wa macho madogo ukichomwa ufuoni na wa jamaa ya mwenyekiti ukianikwa mchana kweupe? Hesabu zibandikwe ukutani penye mizani, uchaguzi ufanywe kwa wakati wake, nasi wanawake tunaokausha omena hizo tusisahauliwe kura inapopigwa.

Mchuuzi wa omena,
Kisumu