Mgonjwa wa Parkinson asiachwe majini peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Siku hizi mzee akianza kutetemeka mikono, ushauri wa kwanza mtaani ni kwamba akaogelee. Hata mimi niliusema nyumbani kwetu hapa Tanga. Siupingi. Ila kuna neno linaachwa nje, na neno hilo nusura litupotezee baba.

Baba ni mvuvi mstaafu, kama kweli mvuvi hustaafu. Alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Alipogundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, kilichomtesa zaidi hakikuwa kule kutetemeka. Ni mwili kukakamaa, na miguu kugoma mlangoni kana kwamba imegandishwa sakafuni. Tukasema bahari ndiyo iliyomlea, itamlegeza. Tukamshusha maji yakiwa yanajaa, akajitupa kama zamani. Akapiga mikono mara tatu nne, mwendo ukampotea, miguu ikazama, akabaki kifudifudi asiweze kujigeuza. Maji yenyewe yalikuwa ya kifuani. Kaka yangu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale alipo.

Ugonjwa huu huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwendo wa mwili. Dopamini ikipungua, mambo ambayo mwili ulikuwa ukiyafanya wenyewe yanataka kuamriwa moja moja, na kuogelea ni mkono, mguu na pumzi kwa pamoja. Ubongo ukichelewa kutoa amri moja, zote zinavurugika. Kinachoniuma ni kwamba dalili tulikuwa nayo ndani ya nyumba. Kila usiku mama alikuwa akimsaidia kugeuka kitandani, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza majini atageukaje.

Wala usimpime mgonjwa kwa anavyotembea. Mwaka 2019 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliandika kuhusu wagonjwa 9 waliokuwa waogeleaji wazuri, waliopandikizwa nyaya za umeme ubongoni ili kutuliza ugonjwa. Viungo vyao vilifunguka, lakini kuogelea kukawatoka. Mmoja alijirusha ziwani akiamini anajua, ikabidi aokolewe. Watatu walipozima kifaa, uwezo wa kuogelea ulirudi papo hapo, ila na dalili nyingine zikarudi, wakalazimika kukiwasha tena. Matibabu hayo huku kwetu ni ya wachache mno, lakini funzo lake linamhusu hata baba yangu anayemeza vidonge tu.

Je, tumemzuia maji? Hapana, yeye mwenyewe asingekubali. Tumebadili namna. Sasa anatembea ndani ya maji ya kifuani, mbele, nyuma na ubavu, akinyanyua magoti na kuzungusha mabega. Kwa kina hicho miguu hubeba kama theluthi tu ya uzito wake, na akiyumba maji humchelewesha kuanguka, hivyo anathubutu hatua ambazo nchi kavu haziwezi. Bahari yetu ni ya uvuguvugu, na hiyo ni bahati, maana baridi humkakamaza zaidi. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu tunaahirisha. Tunashuka dawa ikishakolea, kwake yeye ni kama saa moja baada ya kumeza, na anaimeza kabla ya chakula. (Samaki, jamani! Mvuvi kuambiwa kuwa protini ya samaki hushindana na dawa yake kuingia mwilini, hilo alilinunia wiki nzima.) Kutoka majini ndiko kunakotaka uangalifu kuliko kuingia, kwa sababu uzito unamrudia ghafla, na shinikizo la damu huweza kushuka akapata kizunguzungu.

Neno hili haliwahusu tu wenye cheti cha daktari. Utafiti uliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Basi mzee yeyote aliyeanza kuwa mzito wa kuinuka na kugeuka, msimwachie maji peke yake hata kama ni nahodha.

Kupitia safu yako, ninao pia ujumbe kwa wenye mabwawa ya kuogelea. Msimu wa kusi tulijaribu bwawa la hoteli moja. Pa kushukia palikuwa ngazi ya chuma iliyosimama wima, vigae vinateleza, na kaka alitakiwa alipe kiingilio kamili kama mteja. Wekeni ngazi pana zenye vyuma vya kushika pande zote mbili, na msaidizi wa mgonjwa aingie bure. Kaka haendi pale kuogelea, anaenda kumshika baba.

Msomaji wako,
Tanga