Vilima vya Pemba visifyekwe hadi kileleni

Mhariri,

Inaniuma kuona vilima vyetu vya Pemba vikifyekwa hadi juu ili kupandwa muhogo. Udongo wake uliotokana na jiwe la mchanga haushikamani. Maji hupenya upesi na kuondoka na rutuba, ukabaki mchachu na maskini. Msitu unaostawi juu yake haulishwi na mchanga huo, bali na tabaka jembamba la majani yaliyooza, yaani mboji, na mizizi ndiyo inayolishikilia. Anayetaka kuhakikisha aende msitu wa Ngezi, afukue kidogo kwa mkono: juu udongo mweusi, chini mchanga.

Penye mteremko mkali hali huwa mbaya zaidi. Karibu na kilele udongo ni haba, kwani mvua za masika huuteremsha, chini hurundikana. Mti ukikatwa, mboji hiyo huisha haraka, na mchanga hufukia mabonde tunayolimia mpunga.

Naiomba serikali izuie kufyeka miteremko mikali, na wakulima wasaidiwe kuchimba makinga maji na kurudishia mikarafuu iliyokufa. Kazi hiyo ianze kabla ya masika.

Msomaji wako,
Wete, Pemba