Kabla ya bei mpya, watuoneshe walivyojiandaa na ukame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Oktoba 2022: kampuni za umeme na mamlaka za maji zituoneshe zilivyojiandaa na ukame kabla ya kupandisha bei.

Mwezi ule mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na uzalishaji wa maji ya Dar es Salaam ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300 hivi. Huku Tabata tulikuwa tunaamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukohoa hewa, maana hiyo ndiyo dalili kwamba maji yako njiani. Yasipokuja, unapanga foleni na madumu yako kwenye kisima cha jirani. Visima vyetu ni vya chumvi. Sabuni haitoi povu na chai hainyweki. Jirani yangu anauza chai na chapati asubuhi. Nilimwona kijana wa bodaboda akionja mara moja, akaweka kikombe chini taratibu, akalipa, akaondoka bila kusema neno. Mama yule akaimwaga sufuria nzima mferejini, akakaa kwenye kigoda akashika tama.

Siku zile kila mtu alisema mvua hazijanyesha, tumwombe Mungu. Nilimwomba na bado namwomba. Lakini ukame huu tunaujua. Mwaka 2006 maji ya Mtera, bwawa la kuzalisha umeme, yalipungua, nchi ikaingia gizani. Mwaka 2011 mgawo wa umeme ukarudi. Oktoba 2015 mitambo yote ya umeme wa maji ilizimwa kwa sababu mabwawa hayakuwa na maji ya kutosha. Kisha 2022 ikawa zamu ya bomba. Mara nne ndani ya miaka 16, na kila mara tunaambiwa ni dharura.

Ombi langu ni kwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo ndiyo inayotoa leseni na kupitisha bei. Iweke sharti: kampuni ya umeme au mamlaka ya maji isipandishiwe bei wala kuongezewa muda wa leseni kabla haijafanya tathmini ya jinsi mabadiliko ya tabianchi yatakavyoigusa, ikasema itafanya nini na lini, na ikaitoa hadharani kwa Kiswahili tuisome.

Tathmini ninayoisema si ile ya kunakili maneno kutoka taarifa za semina. Chukua Mtera. Maji yakishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, hakuna tena ya kuzungusha mitambo. Bwawa lenyewe ni pana, halina kina kirefu, liko kwenye ukanda mkavu wenye jua kali, kwa hiyo maji mengi yanapotea kwa mvuke, na joto likipanda yatapotea zaidi. Megawati 80 za Mtera na 204 za Kidatu, kituo kilicho chini yake kwenye mto huo huo, zinategemea maji hayo hayo. Sasa, Ruaha Mkuu, mto unaolilisha bwawa hilo, ulikauka mwaka 1993 ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi. Wataalamu walipofuatilia walikuta mifereji ya mashamba ya mpunga kule Usangu ina mchango mkubwa kuliko mvua. Anayeikagua Mtera kwa kutazama mawingu tu atakosea. Lazima apande mpaka Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, akahesabu mifereji, ndipo arudi na jibu.

Bwawa la Julius Nyerere nalo nalipenda na najivunia. Mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, si mchezo. Ila ndiyo kusema tumeweka umeme mwingi kwenye mto mmoja, Rufiji, na sehemu kubwa ya maji ya mto huo inatoka bonde la Kilombero, ambako kuna miwa, mpunga na mifugo. Na maji yakizidi pia ni taabu. Masika ya 2024 watu wa Rufiji na Kibiti waliona nyumba na mashamba yakizama. Mimi mnunuzi wa umeme wa Luku nataka kujua: ukija mwaka kama 2015, mitambo mingapi kati ya hiyo 9 itazunguka?

Wenzetu walishaanza. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilisukuma maji ya bahari mpaka ndani ya kituo cha kupoza umeme mjini New York, yakapita kiwango ambacho kituo kilijengewa, sehemu kubwa ya kusini ya Manhattan, katikati ya jiji hilo, ikawa giza. Mwaka 2022 jimbo hilo likatunga sheria ya kuzilazimisha kampuni za umeme kufanya tathmini ya aina hii. California ilikuwa imetoa agizo kama hilo mwaka 2020.

Watakaosema tathmini ni gharama itakayoingia kwenye bili, nawaelewa. Mamlaka ndogo za wilayani hazina fedha za kuleta washauri. Zianze na zilicho nacho: takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa, vipimo vya mito vya bodi za maji za mabonde, na mafundi wao wenyewe. Fundi aliyelinda pampu miaka 20 anajua mafuriko yalifika tofali la ngapi. Kumuuliza na kuandika anachosema hakuhitaji mfadhili. Gharama nyingine tunailipa tayari, kwa dumu la maji, kwa mafuta ya jenereta, kwa sufuria ya chai iliyomwagwa.

Mkutano ujao wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi, kuhusu bei ya maji utakapoitishwa hapa jijini nitakwenda, nami nitanyoosha mkono niulize tathmini iko wapi. Nawaomba Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambao kazi yao ni kutusemea, waulize kabla yangu.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam