Paa la Changanyikeni: wito wa harambee kwa wahitimu wote wa umoja wetu

Shikamooni kaka na dada zangu. Wadogo zangu mliohitimu juzi, marahaba.

Hii ni mara ya tatu mwaka huu ninawaandikia, na najua wapo watakaoona jina langu kwenye simu na kuguna: huyu tena na michango yake. Siwalaumu. Hata mimi nikimwona mweka hazina wa kwaya kwa mbali huwa nabadilisha njia. Lakini hili limenikaba. Mwenye nyumba wa Changanyikeni, pale umoja wetu wa Ukerewe unapowapangia wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla ya tarehe 15 Oktoba, paa linavuja, na watoto wa Ukerewe waliochaguliwa chuoni hapo, Mlimani, wameshaanza kuulizia nauli.

Wengi wenu mara ya mwisho kuiona nyumba ile ni siku mliyohama, kwa hiyo niwaeleze nilichokiona. Jioni moja ya Novemba mwaka jana nilipita pale nikitokea Mwenge, mvua za vuli zimeshika kasi. Sebuleni nikakuta vijana saba. Magodoro yamesimamishwa ukutani, sufuria mbili na karai vinakinga maji, na katikati ya chumba, mahali pekee pasipovuja, wameweka ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko. Nikadhani ni maji ya kunywa. Mmoja akaifungua anionyeshe: vyeti vya kidato cha nne na cha sita vya watu saba, barua za udahili, vyeti vya kuzaliwa, na cheti cha kifo cha baba wa mmoja wao. Wao wamelowa, ndoo kavu. Usiku ule walilala kwa zamu, wanne kwanza, watatu baadaye, na asubuhi wote saba wakaenda kupanga foleni ya usajili.

Nikarudi kwangu, kwenye bati zima, nikaona aibu.

Mwenye nyumba tumemwendea. Anasema paa tulitengeneze wenyewe, gharama tutakatana kwenye kodi ya mbele, ila kodi hii kwanza. Hesabu iko hivi: kodi ni Sh 350,000 kwa mwezi, kwa miezi sita Sh 2,100,000. Bati, mbao, misumari na fundi ni Sh 640,000. Mfuko wa dharura, yaani ule wa kumsogeza mtoto ambaye hana hata ya kula mpaka posho yake itoke, tunaomba ufike Sh 2,500,000. Jumla Sh 5,240,000. Mpaka naandika hapa zimeingia Sh 1,115,000 kutoka kwa watu 19. Kundi letu lina watu 140. Sitaji majina.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nyumba wakati wanafunzi siku hizi wana mkopo. Ni swali halali. Mkopo upo, na boom, ile posho ya chakula na malazi, sasa ni Sh 10,000 kwa siku, si zile za enzi zetu. Lakini boom husainiwa baada ya mtu kusajiliwa, na kusajiliwa kunataka mtu awe amefika, ana pa kulala na ana nguvu ya kusimama kwenye foleni. Mtoto ametoka Nansio, Ukerewe, saa tatu hivi majini hadi Mwanza, kisha basi mpaka Dar. Anashuka na begi, kayabo (samaki wa chumvi) mbili tatu alizofungiwa na mama yake, na nauli iliyobaki haimpeleki popote. Hosteli hazitoshi wote, na sisi tuliobebana, yaani kulala kinyemela kwenye vitanda vya watu, tunakumbuka mlinzi akigonga mlango usiku. Nyumba ile ni ya hizo wiki za mwanzo. Akishatulia atahama mwenyewe, kama mlivyohama ninyi. Mabinti wamekuwa wakipokelewa na dada zetu walioolewa, na yuko mmoja wa Kimara aliyelaza wanne mwaka jana sebuleni kwake na mumewe hakununa. Dada, unajijua. Mungu akuzidishie.

Na si fedha tu. Nilipoingia mwaka wa kwanza, 2009, nilipewa kaka mmoja wa kunilea, mhasibu wa pale mjini. Alinipeleka benki kufungua akaunti, akanionyesha daladala za kupanda, akaondoka. Nikadhani kazi yake imeisha. Mwisho wa mwaka nikapata sap tatu, mitihani ya kurudia. Nilijificha, hata simu yake sikupokea, maana nilishajiona nimedisko, nimefukuzwa chuo kwa kufeli. Jumamosi moja akanikuta kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, amebeba bahasha ya mitihani ya miaka ya nyuma. Hakunihubiria. Alisema, "Sap siyo msiba, anza na swali la kwanza." Akakaa mpaka jua likazama. Jumamosi nne mfululizo alikuja, na yeye ana mke na mtoto mchanga Tabata. Sap zote nilizifaulu. Leo kaka huyo yumo kwenye kundi hili na atanichukia kwa kuandika hivi.

Watu wa namna hiyo tumebaki nao wachache. Mwaka huu tunaomba kila mhitimu aliyeko Dar achukue mtoto mmoja. Aliye mbali ashike kazi ya maombi ya mkopo kwa simu, maana huko ndiko tunakopoteza watu kabla hata hawajapanda meli. Mwaka jana wawili walikwama kwa sababu jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa halikufanana na la cheti cha kidato cha nne. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, fomu itiwe saini kwa mtendaji, apatikane mdhamini, na dirisha lina tarehe ya kufungwa. Mtu aliyekwisha kupita huko anamwelekeza mwenzake kwa nusu saa. Mzee wa kisiwani anayevua dagaa usiku kucha atajuaje?

Kaka yetu aliyeko Marekani aliwahi kunisimulia habari za Alpha Phi Alpha, chama cha udugu kilichoanzishwa na wanafunzi saba weusi wa Cornell mwaka 1906. Kilianza kama kikundi cha kusoma na kusaidiana, kwa sababu baadhi ya wenzao wa mwaka uliotangulia walikuwa hawakurudi chuoni. Mwanachama akihitimu haondoki, anahamia tawi la wahitimu na kuendelea kulea wa chini. Martin Luther King alijiunga 1952 akiwa Boston, na chama hicho hicho ndicho kilichoanzisha harakati za kumjengea mnara wa kumbukumbu Washington, uliofunguliwa 2011. Sisi hatuombwi mnara. Tunaombwa bati.

Ninajua mnavyokatwa. Asilimia 15 ya mshahara inakwenda Bodi ya Mikopo kabla hujaiona, na mimi nakatwa pia. Lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, deni sasa linapungua kweli, na wengine mmeshamaliza na kupiga sherehe tuliyoiona kwenye stetasi. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara, kwetu Ukerewe, hakuna aliyehimizwa. Ndani ya siku nne tulikuwa tumechanga nauli za kila mwanafunzi aliyetaka kwenda kuzika, na ziada tukawapa wafiwa. Ndiyo maana zile "Amina" na mikono ya kuomba chini ya ujumbe wangu uliopita zilinishangaza. Zilikuwa 63. Wakatoliki, Wasabato, Waislamu, wote mmeitikia dua vizuri sana.

Malipo ni kwa Lipa Namba ile ile iliyobandikwa juu ya kundi. Litatokea jina la umoja. Likitokea jina la mtu, usitume. Mapato na matumizi yatawekwa kila Ijumaa, risiti zikiwa zimepigwa picha. Ripoti ya mwaka jana ilichelewa miezi miwili, kosa langu, na safari hii mweka hazina ni mwingine. Asiye na fedha ana godoro, chandarua au fundi anayemfahamu. Elfu tano nayo inaandikwa.

Jumapili alinipigia kijana kutoka Bugolora, Ukerewe, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Anauliza abebe godoro au atalikuta. Nikamwambia abebe shuka tu, godoro lipo. Akauliza na pa kuliweka pakoje. Nikasema pako vizuri.