Nodi za Wi-Fi zichaguliwe kwa tundu la waya

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie vifaa vya meshi, yaani visambazaji vya Wi-Fi vinavyouzwa viwili viwili au vitatu vitatu katika boksi moja, ambavyo siku hizi havikosekani katika maduka ya Mombasa wala katika mabegi ya jamaa zetu wanaorudi likizo kutoka Dubai, Maskati na London. Sina ugomvi na vifaa vyenyewe. Mimi ni fundi wa mitandao na huvifunga mara kwa mara. Ninachokilalamikia ni kwamba vinauzwa kwa sifa za ukubwa wa eneo na za kasi, ilhali jambo linaloamua kama vitafaa katika nyumba zetu za pwani halitajwi dukani hata kidogo, nalo ni njia ambayo nodi, yaani visambazaji hivyo kimoja kimoja, zitaitumia kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe.

Boksi likiandika kwamba nodi tatu zinaenea maelfu ya futi mraba, hesabu hiyo haijui ukuta wa mnunuzi umejengwa kwa kitu gani. Nchini Marekani, ambako kampuni ya eero ilianza kuuza vifaa vya aina hii mwaka 2016, vyumba vingi hutenganishwa kwa mbao za jasi zilizopigiliwa kwenye fremu ya miti, na mawimbi hupenya humo bila taabu kubwa. Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, baadhi zikifikia nusu mita kwa unene, na dari zake ni boriti zilizobebeshwa tabaka zito la mawe na chokaa. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yanayobeba kasi kubwa, hudhoofika zaidi katika ukuta wa namna hiyo kuliko masafa ya gigahezi 2.4. Majumba mapya ya ghorofa nayo hayakusalimika, kwa kuwa zege lenye nondo, tangi la maji na hata kioo kikubwa cha kujitazamia huyazuia mawimbi au huyarudisha yalikotoka.

Nodi ya meshi haizalishi intaneti. Hupokea data kutoka nodi kuu, ambayo imeunganishwa na kifaa cha kampuni ya faiba, kisha huzirusha upya kwa simu na kompyuta zilizo karibu nayo. Ikiwa inapokea na kurusha kwa redio ile ile (kipokezi na kirushio cha mawimbi kilichomo ndani yake), kila data husafiri hewani mara mbili kwa zamu, na kasi inayomfikia mtumiaji hupungua takribani kwa nusu. Ikiwa nodi ya tatu inaitegemea ya pili, hupungua tena. Watengenezaji wameliona tatizo hilo, na ndiyo sababu ya kuwapo nodi za bendi tatu, ambazo zina redio ya ziada, mara nyingi iliyotengwa kwa mazungumzo ya nodi peke yake. Ni ufumbuzi mzuri katika nyumba ya kuta nyepesi. Katika nyumba ya mawe, hata hivyo, redio hiyo ya ziada kwa kawaida hutumia gigahezi 5, na katika vifaa vipya zaidi gigahezi 6, kwa hiyo hugonga ukuta ule ule uliozishinda redio nyingine. Nimekwisha kuona watu wakilipa karibu mara mbili ya bei kwa ajili ya bendi ya tatu ambayo nyumba yao haiwezi kuitumia.

Waya wa mtandao hauna shida hiyo. Nodi mbili zilizounganishwa kwa waya hazipotezi kasi njiani, hazishindani na simu za watoto kwa nafasi ya hewani, na ukuta wa nusu mita hauzihusu. Kwa sababu hiyo, ningependa mnunuzi wa pwani aigeuze nodi na kutazama matundu yake ya waya wa mtandao kabla ya kusoma jambo lingine lolote. Zipo nodi zisizo na tundu la waya hata moja: eero Beacon ya mwaka 2017, inayochomekwa moja kwa moja katika soketi ya umeme, na kile kifaa cha pili cha Nest Wifi ya Google ya mwaka 2019, ni miongoni mwake. Ni vifaa vizuri kwa nyumba vilivyokusudiwa, lakini jamaa akikuletea kimoja kutoka ng'ambo akidhani amekupa zawadi ya kumaliza matatizo, itakubidi ukipokee ukiwa tayari unajua kwamba waya hautakiingia kamwe.

Kuwapo kwa tundu pekee hakutoshi, maana kasi ya tundu nayo hutofautiana. Kampuni ya TP-Link ina nodi za Deco E4 na Deco M4, na zote mbili zimeandikwa AC1200 kwenye boksi, hata mtu akazidhani kuwa ni kitu kimoja chenye majina mawili. Namba hiyo ya 1200 ni jumla ya megabiti 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na megabiti 867 za masafa ya gigahezi 5, ikakuzwa kidogo ili ipendeze, na simu moja haizitumii zote mbili kwa wakati mmoja. Tofauti ya maana iko nyuma ya kifaa: matundu ya E4 yanaishia megabiti 100 kwa sekunde, ya M4 yanafika gigabiti 1. Ni kweli kwamba mwenye kulipia megabiti 20 za faiba hataona tofauti leo. Lakini nodi hukaa nyumbani miaka mingi na vifurushi vya faiba vinazidi kupanda kasi, kwa hiyo pengo la bei likiwa dogo, naona ni afadhali kuchukua yenye gigabiti.

Wasioweza kupitisha waya, na wako wengi, hasa wapangaji, wajitahidi kupata mahali sahihi pa kuiweka nodi. Kosa ninalolikuta karibu kila nyumba ni nodi kuwekwa ndani ya chumba ambacho mawimbi hayafiki, jambo ambalo ni sawa na kumsimamisha mpokezi wa ujumbe mahali ambapo sauti ya mtoa ujumbe haisikiki. Nodi inapaswa kukaa katikati ya njia, ikiwezekana mkabala na mlango au uwazi wa ngazi, mahali ambapo bado inaipata nodi kuu vizuri. Zipo programu za simu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm, ambacho huandikwa kwa namba hasi: penye hasi 67 au palipo karibu zaidi na sifuri, mazungumzo ya video huenda bila kukatika, na penye hasi 80 pameshaharibika.

Kwa wanaoweza kuupitisha, waya wa daraja la Cat5e unatosha kabisa kwa gigabiti 1 hadi mita 100, na hakuna nyumba Mtopanga wala Nyali inayohitaji urefu huo. Wajihadhari tu na waya wa bei ya chini ambao ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba, kwa kuwa hukatika kwa urahisi na haufiki mbali kwa uhakika. Katika majumba ya kale ni vema kuupitisha kwenye ua wa ndani na kando ya ngazi badala ya kutoboa ukuta wa mbele; Mji Mkongwe wa Unguja umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na Lamu tangu mwaka 2001, na kuta zake si za kutobolewa ovyo na mafundi kama sisi.

Ningewaomba pia wakaao katika nyumba ndogo za ghorofa wasikimbilie meshi. Kwa vyumba viwili, kumwomba fundi wa faiba aihamishe ruta kutoka pembe ya dirishani hadi katikati ya nyumba mara nyingi hutosha, na nodi tatu mahali kama hapo huongeza tu msongamano katika gigahezi 2.4, ambako chaneli zisizoingiliana ni tatu, yaani 1, 6 na 11, nazo majirani wamekwisha kuzijaza. Kila nodi vilevile huhitaji umeme wake. Betri ndogo iliyo chini ya ruta haitaisaidia nodi ya chumba cha juu umeme ukikatika.

Kuhusu kuchanganya watengenezaji, muungano wa Wi-Fi Alliance ulitoa mpango wa EasyMesh mwaka 2018 ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane, ila si wote wanaoufuata. Kununua nodi mbili za familia moja ya bidhaa na kuongeza ya tatu baadaye, ikithibitika kwamba inahitajika, ndiyo njia yenye hasara ndogo.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo: kwenye kibandiko cha bei waandike kama nodi ina tundu la waya, ni matundu mangapi, na kasi yake ni megabiti 100 au gigabiti 1. Kwa wanaojenga sasa hivi, walaze bomba la plastiki la kupitishia waya wa mtandao kutoka sebuleni hadi kila ghorofa kabla ya kupiga lipu, bomba lililo mbali na lile la umeme, hata kama faiba bado haijafika mtaani kwao.

Fundi wa mitandao,
Mji wa Kale, Mombasa